Anayeketi Nyuma ya Mtumbwi

Ukitaka kumuudhi Dishon Maranga wa Sori, muulize kwa nini hajanunua injini. Atakuangalia kutoka juu hadi chini, halafu akuulize wewe unakimbilia wapi.

Kila mwaka, mvua ndefu zikishapungua, yeye na mkewe Phelesia hupakia sufuria, unga, turubai na mkungu wa ndizi, wakapiga kasia kutoka Sori mpaka Kendu Bay. Ni siku tano, au sita ziwa likiwa na hasira zake. Kwa basi mtu hufika huko kwa nusu siku, na hakuna mtu pale Sori ambaye hajamwambia hivyo, kama vile mzee wa watu hajawahi kuona basi.

Sababu ni mama mkwe. Dishon hakumwoa Phelesia kwa utaratibu. Alikwenda Kendu Bay akiwa kijana, amepeleka samaki wakavu sokoni, akarudi na msichana. Mama Adhiambo alinuna miezi minane. Alipopoa kidogo akatuma neno: umemchukua kwa maji, basi utamleta kwa maji, kila mwaka, nimwone kama amekonda. Mama yule hakuwa anatania, na Dishon naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Hii ni miaka arobaini na moja sasa. Wamekosa mara mbili tu, mwaka aliozaliwa binti yao Cate na ule mwaka wa korona.

Phelesia huketi mbele, Dishon nyuma penye kasia la usukani. Kwa watu wa ufuo ule hilo halina mjadala. Nyuma ni pa mwenye nyumba. Mke akikaa nyuma na mumewe yumo humo humo, watu wataongea mpaka Krismasi. Na kufika ukweni hivyo? Heri mtu ageuze arudi alikotoka.

Basi miaka miwili iliyopita macho ya Dishon yakaanza kumfanyia ujeuri. Pembeni kukawa giza, akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Akamdanganya Phelesia kwamba anakwenda Migori kununua nyuzi za wavu, akaenda kwa daktari. Daktari akamwambia ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, matone haya ni ya kulinda kilichobaki. Dishon akaificha ile chupa kwenye mkebe wa ndoana na hakumwambia mtu.

Haikuwa ubishi tu. Aliogopa. Cate, ambaye ni mwalimu Oyugis, alikuwa ameshaapa kwamba akisikia mmoja wao ana kasoro, hata ya kidole, atawapandisha basi wote wawili. Na Dishon alijiambia kwamba siku atakayotoka nyuma ya mtumbwi ule, safari imekwisha, na yeye pamoja nayo. Hakuwahi kujijua kama mtu mwingine ila yule anayemleta Phelesia kwao.

Mwaka huu wakaondoka Sori alfajiri ya Jumatatu. Wakapita chini ya milima ya Gwassi, wakalala Nyandiwa, wakalala Sindo, wakapenya chini ya daraja la Mbita. Walipiga kasia asubuhi tu, upepo wa mchana ukianza wanavuta mtumbwi nchi kavu na kupika. Na njia nzima Phelesia alikuwa anaongea.

"Hao mbuzi hawana mwenyewe? Wamepanda lile jiwe la mkono wa kulia, wataanguka majini." Kidogo tena: "Huu wavu wa nani hapa mbele, vielea vyeupe hivi? Siku hizi watu wanatega karibu kabisa na njia." Kisha mwamba, kisha mashua ya mchanga, kisha matete. Dishon alikuwa anaguna tu. Mwaka uliopita pia alikuwa ameongea hivi hivi, na Dishon akaamua kuwa ni uzee umemfungua mke wake mdomo.

Siku ya nne, wakishauacha mji wa Homa Bay nyuma, akachoka.

"Nyar Karachuonyo," akasema, maana hivyo ndivyo anavyomwita mkewe, binti wa Karachuonyo, "tangu Sori hujafunga mdomo. Hebu nipe amani kidogo."

Phelesia akageuka, akamtazama, akasema sawa. Akanyamaza, lakini ule unyamavu wa mwanamke aliyekasirika, ambao una kelele kuliko maneno.

Wakaenda hivyo saa nzima. Halafu Dishon akaona weusi wa kijani mbele yake, mrefu, umetulia, na juu yake ndege weupe wamesimama. Akafurahi. Akajua ni ile rasi ya chini ya mlima wa Homa, ambako wao hupumzika kila mwaka, akaelekeza mtumbwi huko. Phelesia akaona wanakokwenda. Akangoja mumewe ageuze. Akajisemea atageuza sasa hivi, na mdomo wake uliojaa hasira ukakataa kufunguka. Mtumbwi ukaingia kwa kishindo laini, ukapanda juu kidogo, ukakwama.

Haikuwa rasi. Yalikuwa magugu maji, kisiwa kizima kinachotembea na upepo, na mbele ya macho mazima hata mtoto angekijua. Kabla hawajarudi nyuma, upepo wa mchana ukasukuma fungu lingine likawafunga mlango.

Walikata kwa panga kwa zaidi ya saa mbili, jua likiwachoma. Mwishowe Dishon akaweka panga chini.

"Ulikuwa umeona," alisema.

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Uliniambia ninyamaze. Nilikuwa na hasira, Baba Cate. Nimekosa. Ningetuua."

Dishon akatazama mikono yake. "Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipotafuta ndoana nikakuta dawa. Kabla ya Pasaka ya mwaka jana." Akapangusa jasho. "Ulifikiri mimi nina shida gani na mbuzi wa watu?"

Mzee akainamisha kichwa, akajifunika uso kwa kiganja kilichojaa matope. Phelesia akamwacha. Wameishi pamoja muda mrefu, anajua wakati wa kumwacha.

"Naogopa, Phelesia," alisema baadaye, na ilikuwa nadra kumwita kwa jina lake. "Naogopa kuwa mzigo wa kupakiwa."

"Mimi naogopa ufe hapa kwenye majani kwa sababu ya kiburi," Phelesia akajibu. "Njoo mbele. Mimi nakuja huko."

Kupishana kwenye mtumbwi mwembamba si mchezo. Walisimama polepole, wakafika katikati, wakashikana viuno ili wasipinduke, na pale wakakaa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kama kungekuwa na vijana wa ufuoni karibu, wangecheka wakaanguka. Dishon alinusa jasho na moshi kwenye kitambaa cha kichwa cha mkewe, akajisikia kumpenda sana, akamwambia hivyo hivyo, kwa Kiluo, bila kuzunguka. Phelesia akamwambia aangalie mguu wake, asikanyage sufuria.

Upepo ulipogeuka jioni, magugu yakafunguka. Walilala chini ya mlima, na asubuhi Phelesia akaketi nyuma. Alipiga kasia vizuri kuliko Dishon alivyotarajia, jambo lililomuuma kwanza na baadaye likampumzisha. Mikono ya Dishon mwenyewe ilikuwa bado na nguvu. Mtumbwi ulikwenda.

Kabla ya saa tano wakaanza kusikia sauti za ufuo wa Kendu Bay. Phelesia akaingiza mtumbwi ndani ya matete na kuusimamisha.

"Rudi nyuma," alisema kwa sauti ya chini. "Nitakuelekeza polepole, hawatajua. Kaka Willis yuko pale na nusu ya ukoo."

Alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha, na alikuwa tayari kulibeba mwaka hadi mwaka, mpaka mmoja wao afe. Dishon alilisikia hilo ndani ya sauti yake. Akalaza kasia magotini.

"Nikirudi nyuma leo," akasema, "mwakani nitakuzamisha. Piga kasia."

Wakatokea hivyo mchana kweupe, mke nyuma, mume mbele. Watu ufuoni wakaacha walichokuwa wakifanya. Willis, kaka yake Phelesia, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akaingia majini hadi magotini kuwapokea.

"Shemeji," akasema akicheka, "mwaka huu umeletwa?"

"Nimeletwa," Dishon akajibu. Akasimama ufuoni, maji yakimchuruzika miguuni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Macho yangu yamekwisha. Mwaka jana pia ni yeye aliyenileta, ila sikujua."

Mama Adhiambo alikuwa ameketi mbali kwenye kiti cha plastiki, ameletwa ufuoni na wajukuu, masikio yake mazito. Akauliza mkwe amesema nini. Willis akamrudia sikioni, na ikabidi apige kelele, kwa hiyo wote wakasikia mara ya pili.

Bibi kizee akainuka. Mama Adhiambo ni mtu wa zamani. Mama mkwe na mkwe hawagusani, na kwa miaka arobaini na moja alikuwa amemsalimu Dishon kutoka mbali, kila mmoja akitazama chini. Alishuka kwenye mawe na fimbo yake, hatua kwa hatua, watu wakimpisha, akamshika Dishon kifundo cha mkono.

"Hapa kuna jiwe," alimwambia. "Inua mguu."

Wakapanda hivyo kuelekea nyumbani, wazee wawili, polepole sana. Phelesia alibaki na mtumbwi. Alilia mpaka kaka yake akaona haya kumtazama, kisha akaufunga kamba mwenyewe na kuwafuata.