Alama Iliyokuja na Fomu

Kabla sijamsema mtu, nianze na langu: fotokopi nilitoa mimi. Mimi ni karani wa chumba cha tiba ya viungo pale klabuni. Kina vitanda viwili, mpira mkubwa wa mazoezi uliozibwa kwa gundi, na feni inayozunguka inapojisikia.

Mwenye chumba ni mtaalamu wa viungo ambaye wanariadha wote humwita Mjomba. Mikono yake, jamani! Anakugusa paja tu, anakwambia uliumia lini na ulimficha nani. Miaka kumi na minane anakanda, ananyoosha, anatania. Ila makaratasi yanamkera. Fomu yetu, anayojaza mwanariadha kila anapokuja kutibiwa na Mjomba kuitia saini, ina maswali kumi na moja, na la tisa linauliza: unalala vizuri? Miaka sita iliyopita alichukua fomu tupu, akaweka alama kwenye “ndiyo”, akanipa.

“Dada, nitolee kopi mia tano. Watu wanakimbia kutwa nzima, wasilale wana nini? Wanalala fofofo.”

Nikacheka. Nikatoa.

Sasa kuna Kiguu, binti wa mita mia nne. Tulimpa jina hilo kwa sababu hatulii, ni kiguu na njia. Msuli wa nyuma ya paja lake la kushoto ulichanika, ukapona, ukachanika tena, na mwaka huu ukachanika mara ya tatu. Kamati ya klabu ikachoka. Ikasema ni mzembe, hafuati matibabu, na Ijumaa angetolewa kwenye timu, labda Mjomba alete sababu ya maana. Bila timu hana kocha, hana uwanja, hana mashindano. Na yule binti hana kingine anachokipenda duniani.

Wiki hiyohiyo Mjomba alirudi kutoka mafunzo ya siku mbili, uso umemshuka. Walimweleza kwamba mwili hujijenga usingizini, na kwamba asiyelala huumia upesi na hupona kwa shida. Akamketisha Kiguu kitandani, na kwa mara ya kwanza akamuuliza: unalala saa ngapi, unaamka mara ngapi?

“Silali, Mjomba,” Kiguu akajibu, kama mtu anayetaja umri wake. “Mama amepooza. Kila baada ya saa moja na nusu lazima nimgeuze, la sivyo mgongo unatoka vidonda. Tuko wawili tu.”

“Tangu lini?”

“Mwaka wa pili huu.”

Mjomba akaniangalia. Mimi nikaangalia kabati la mafaili. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Tuliandika barua kurasa mbili: apewe miezi mitatu, na klabu isaidie kumtafutia mtu wa kupokezana naye kumgeuza mama usiku. Ijumaa kikaoni, mwenyekiti wa kamati aliisoma yote, hata akatikisa kichwa kwa huruma. Nikasema moyoni, afadhali. Halafu akanituma faili la Kiguu. Njiani nilitaka kuzichana zile fomu, wallahi nilitaka, lakini ujasiri ukaniishia mlangoni.

Zilikuwa kumi na nne. Akazisoma moja moja.

“Unalala vizuri? Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo tena. Saini hizi za nani?”

“Zangu,” Mjomba akasema.

“Kwa hiyo ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?”

“Wakati ule. Sikumuuliza.”

“Utasema hivyo, maana unamhurumia.” Akamgeukia Kiguu. “Na wewe, binti, mbona hukuifuta hiyo alama?”

Kiguu akainamisha kichwa. “Nilidhani imekuja na fomu. Nilijua haturuhusiwi kusema hapana.”

Kura ilichukua dakika moja. Kiguu alirudisha jezi siku hiyohiyo, ameikunja vizuri. Mjomba alimsindikiza hadi getini. Tangu hapo utani umemwisha.

Nimetoa fomu mpya, kisanduku kitupu. Mjomba sasa anamuuliza kila mmoja kwa upole, kalamu mkononi, na anasubiri. Nao wote, hata wenye macho mekundu, wanajibu ndiyo, Mjomba, nalala vizuri sana. Habari za aliyesema ukweli wanazo. Anaweka alama, anatia saini, ananipa nifaili.