Siku Mbili Kabla ya Kufika Nyumbani

Nilimdanganya mama kuhusu siku ya ndege. Nilimwambia ningetua Jumamosi, nami nikatua Alhamisi asubuhi nikiwa na mizigo miwili na kamera ya kuazima. Siku hizo mbili nilitaka ziwe zangu. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja kule Pune, India, nikisomea kemia, na nilikuwa nimechoka kuaibika.

Aibu yenyewe ilianzia darasani. Mwalimu wetu alikuwa akifundisha habari za magadi, akalitaja ziwa letu kwa jina, kisha akanigeukia. Si wewe unatoka huko? Ziwa hilo linanukaje? Darasa zima likageuka pamoja naye. Mimi nimezaliwa Kajiado, magadi nimeyala kwenye githeri ya mahindi na maharagwe tangu nianze kuota meno, lakini Ziwa Magadi lenyewe sikuwahi kulitia machoni. Nikajibu kwamba linanuka kama bahari. Bahari nayo nilikuwa nimeiona kupitia dirisha la ndege tu.

Tangu siku hiyo niliapa kwamba nikirudi likizo nitaenda kuliona, peke yangu, kama watalii wanavyofanya. Kwetu mtu hasafiri kwenda kutazama. Anasafiri kwenda msibani, hospitalini, mnadani, au kufuata nyasi. Ukipanda gari kwenda kuona maji usiyoweza kunywa, watu watauliza kama u mzima. Na kwetu pia, mtu akitoka mbali hupita kwanza kwa mama yake kabla hajalala penginepo. Nililijua hilo vizuri. Nilijiambia siku mbili si kitu, na kwamba asichokijua mama hakitamuumiza.

Baba alikufa nikiwa kidato cha pili. Mama ndiye aliyebaki na ng'ombe, na ng'ombe ndio walionisomesha. Kila muhula walikuwa wakipungua zizini ili mimi niendelee kusoma. Likizo iliyotangulia nilimwachia simu ya mkononi, nikampigia kutoka Pune kila Jumapili. Habari? Serian, anasema, yaani amani. Ndugu yangu mdogo? Serian. Ng'ombe? Serian.

Sasa, mtoto yeyote wa Kimaasai anajua kwamba hilo si jibu, ni mlango. Habari mbaya haitolewi kwenye swali la kwanza. Unasalimu, unajibiwa amani, unatulia, unauliza tena, na hapo ndipo unaambiwa nani ameanguka na mvua imekataa wapi. Lakini kadi ya simu ilikuwa inakimbia. Mimi nilikuwa nauliza mara moja, napokea amani yangu, nakata. Na simu ya mkononi ina ubaya wake mmoja: haisemi mwenye kuishika amesimama wapi. Nyuma ya sauti ya mama nilikuwa nasikia upepo, nikajua ni upepo wa nyumbani.

Rafiki yangu wa shule ya upili alikuwa akiishi Kitengela. Ni Mkamba, baba yake alitoka Machakos miaka ya tisini kuja kuchonga mawe machimboni, akachonga mpaka vumbi likamla mapafu. Mwana aliikataa nyundo, akanunua pikapu kuukuu, akawa anapeleka mboga Magadi kila Ijumaa, kwenye maduka ya wafanyakazi wa kiwanda. Alhamisi hiyo alinipokea, akanipa godoro, akanitazama nilivyopanga kamera na kofia yangu ya turubai.

"Buda, kwani huendi kwenu kwanza?"

"Jumamosi."

"Mathe anajua umefika?"

"Bado."

"Mimi sisemi kitu," akasema. "Lakini mathe wangu angenichapa, hata na hii ndevu yote."

Ijumaa alfajiri tukaondoka na kabichi. Ukishapita Kiserian, barabara huteremka na kuteremka, masikio yanaziba, joto linapanda kutoka chini kukupokea. Mizoga ya kwanza ya ng'ombe niliiona hapo kwenye mteremko. Mwanzoni mmoja mmoja, baadaye mitatu, mitano, imelala ubavu kando ya lami, mingine imechunwa ngozi, mingine imeachwa hivyo hivyo kwa sababu mwenyewe hakuwa na nguvu ya kuchuna. Rafiki yangu akafunga dirisha. Mbwa ndio walionenepa mwaka ule. Tulimpita mzee mmoja akitembea na fimbo begani bila mnyama hata mmoja mbele yake, na alikuwa bado anatembea kwa mwendo ule wa mtu anayeswaga ng'ombe.

Nilimwomba rafiki yangu asimame nipige picha.

"Picha ya nini?"

"Ya mzoga."

Akasimama, lakini hakuzima injini. "Huku haijanyesha tangu mwaka jana. Watu wa huko kwenu wote wamepeleka ng'ombe Nguruman kutafuta nyasi. Zenye zilifika."

Nilipiga picha mbili. Hapo ndipo ningepaswa kuuliza kama watu wa kwetu ni pamoja na sisi. Sikuuliza. Nilikuwa na amani yangu ya kila Jumapili, na picha zilikuwa zinatoka vizuri.

Aliniacha mahali barabara inapoingia ziwani, akaenda kushusha mboga zake, akaahidi kunirudia saa nane. Ziwa lilikuwa ukoko mtupu, mweupe na wa waridi, kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa jikoni. Ukiukanyaga unapasuka. Macho yalinichoma, midomo ikanikauka, na harufu haikuwa ya bahari wala ya kitu chochote nilichokuwa nimekisema darasani. Ilikuwa harufu ya yai viza. Mbali kabisa palikuwa na heroe wachache, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wamesimama kwenye kidimbwi. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilivaa kaptura, mwanaume mzima, na kofia na miwani myeusi, nikazunguka na kamera shingoni huku hakuna mtu duniani anayejua niko wapi.

Karibu na barabara palikuwa na kibanda cha magunia, na chini yake wanawake watano au sita wanaouza shanga kwa watalii. Waliponiona wakainuka. Wakaanza kunijadili kwa Kimaa hapo hapo mbele yangu, wakidhani siwasikii.

"Huyu ni wa wapi?"

"Si wa huku. Tazama magoti yale."

"Ni wale weusi wa Amerika. Wao huvaa nguo za watoto."

Nilikuwa nacheka moyoni. Ningesema neno moja tu la salamu, wangeshika vichwa kwa aibu, tungecheka wote. Lakini mchezo ulininogea. Nikawasalimu kwa Kiingereza, nikajifanya nachagua bangili. Wakanisonga, kila mmoja na shanga zake mkononi. Ndipo mmoja wao, mwanamke mrefu aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, akawarudisha wenzake nyuma kwa mkono.

"Mwacheni huyu awe wa mama wa India," akasema. "Kijana wake anafika kesho na hana hata sukari ya kumpikia chai."

Wakampisha. Kutoka nyuma ya kibanda akaja mwanamke anayechechemea, mguu mmoja umevimba, shuka amejifunika mpaka kwenye paji la uso kwa ajili ya jua. Mimi nilikuwa tayari nimeinua kamera. Maneno "mama wa India" yalikuwa yameingia masikioni lakini hayajafika popote. Akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono wenye bangili, na kwa Kiswahili chake kile cha sokoni akasema, "Picha, rafiki? Picha mzuri."

Kwenye kioo cha kamera niliona kovu la moto juu ya kifundo cha mkono. Kovu hilo alilipata siku nilipopindua sufuria ya maziwa nikiwa na miaka minne, akaidaka isiniangukie. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.

Sasa nieleze kilichotokea, maana ndicho ninachokitubia mpaka leo. Kwenye boma letu, hata ukiwa na ndevu, hata ukiwa na shahada, ukisimama mbele ya mtu wa rika la mama yako unainamisha kichwa, naye anaweka kiganja juu ya utosi wako. Unafundishwa hivyo kabla hujajua kutembea vizuri. Akili yangu haikuwa imeamua lolote. Shingo iliamua. Niliinamisha kichwa mbele ya mama yangu, na kofia yangu ya turubai, na miwani yangu, nikabaki hivyo, nikingoja.

Nikaona mkono wake unainuka.

Haya ikanishika. Niliona haya kwa kaptura, kwa kudanganya siku, kwa kuja kulitazama ziwa kabla sijamtazama yeye. Na zaidi ya yote niliona haya kwa ajili yake, kwamba nimemkuta hapa akiomba kupigwa picha, mbele ya wanawake aliowasimulia kuhusu mwanawe wa India. Nikainama zaidi, mpaka chini kabisa, nikajifanya nimeangusha kifuniko cha kamera. Nikapapasa mchanga. Nilipoinuka, mkono wake ulikuwa umeishia kichwani kwake mwenyewe, anaweka shuka sawa.

Nilichukua bangili moja, nikampa noti bila kuitazama. Kisha nikamwambia, "Thank you."

Kwa Kiingereza. Mama yangu mzazi.

Nilienda kukaa juani mbali na kibanda, nikawapa mgongo, mpaka pikapu iliporudi. Rafiki yangu akauliza kama nimeona heroe. Nikasema nimewaona. Akauliza mbona nalia. Nikamwambia ni magadi, yanachoma macho. Akaniamini, kwa sababu hata yake yalikuwa mekundu.

Njia nzima nilijipa moyo kwamba hakunijua. Nilikuwa nimenenepa kwa wali wa Pune, nilikuwa na miwani, sikutoa neno la Kimaa. Nilifikiria kumwambia rafiki yangu ageuze gari. Tulipopita mizoga nililitafakari hilo, tulipofika Kiserian nililitafakari tena, na Kitengela tukafika nikiwa bado nalitafakari.

Jumamosi nilivaa suruali ndefu, nikafika nyumbani kwetu nje ya mji wa Kajiado saa tano, kama mtu aliyetoka uwanja wa ndege. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alipanda lori gani usiku kucha ili awepo pale. Shuka lake lilikuwa safi, majirani wawili walikuwa wamekuja kunipokea. Nikamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa, nikainamisha kichwa, akaweka kiganja. Kilikuwa kizito na kikavu. Akauliza ndege ilikuwaje. Nikasema ilikuwa salama.

Kitu cha kwanza nilichokosa ni nzi. Mtu asiyefuga hawezi kuelewa jinsi boma lisilo na nzi linavyotisha. Samadi zizini ilikuwa imekauka na kuwa vumbi. Ndani, mama akanimiminia chai ya strungi, yenye sukari nyingi sana, pamoja na mkate. Katika maisha yangu yote sikuwahi kunywa chai isiyo na maziwa katika nyumba ile. Majirani waliinywa, wakaaga mapema kuliko desturi.

Tukabaki wawili. Nikamuuliza habari za ng'ombe, akanijibu kwamba ni amani. Nikatulia. Kisha, kwa mara ya kwanza mwaka mzima, nikauliza tena.

Akanieleza taratibu, bila kulia. Kwamba waliondoka na kundi lote, yeye na ndugu yangu, wakielekea Nguruman. Kwamba wengi walianguka kwenye mteremko kabla ya Magadi. Kwamba ndugu yangu aliendelea na watatu tu, naye akabaki njiani kwa sababu mguu ulikataa, akakaa huko miezi minne. Niliuliza mbona hakuniambia kwenye simu. Akasema, "Hukuuliza." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jina la mti.

Nilitaka kumwambia wakati ule. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuongea tena, akitazama kikombe chake.

"Jana alikuja kijana mmoja pale ziwani," akasema. "Mtalii. Amevaa nguo fupi. Akaja mbele yangu akainamisha kichwa."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Wale wanawake waliona. Alipoondoka wakaniuliza, huyo unamjua? Nikawaambia simjui." Akakunja shuka juu ya mguu uliovimba. "Wakasema, yeyote aliyemzaa, amemlea vizuri."

Akainua macho, akaningoja.

"Ndiyo, yeyo," nikasema.