Jumamosi Mdogo Wangu Alipohojiwa

Wazazi wetu walipokufa tulibaki watatu. Mimi mkubwa niliacha shule, nikalima pamba Kasoli, nikamsomesha mdogo wangu wa kiume mpaka chuo cha Dar es Salaam. Wa mwisho, msichana, alikuwa darasa la saba baba mkubwa alipopokea ng'ombe wa mahari yake.

Nilikataa. Baba mkubwa akasema neno la mwanamke halirudishi ng'ombe.

"Kaka yake aseme. Yeye ndiye mwanamume wa nyumba yenu. Lakini si kwenye simu. Maneno ya simu ni ya watu wawili. Aseme mbele za watu."

Zilikuwa siku zile kila mwenye fedha alikuwa anafungua redio yake. Mdogo wangu na wenzake chuoni hawakuwa na fedha wala mlingoti, wakawa wanajaribu kurusha redio kwa kompyuta, kwenye intaneti. Nilimpigia.

"Dada, Jumamosi asubuhi ni zamu yangu kuhojiwa," akasema. "Nitamtaja baba mkubwa, nitamwambia amwache mtoto asome. Mlete asikilize."

Bariadi mjini palikuwa na duka moja la intaneti. Niliwapeleka baba mkubwa, shangazi na mdogo wangu wa kike. Vijana wa pale walitupa benchi. Spika zilikoroma muda mrefu, kisha sauti ya mdogo wangu wa kiume ikatoka: "Hamjambo wasikilizaji." Ikakatika.

Kwetu jambo halianzi kabla salamu hazijaisha. Shangazi akaisogelea kompyuta, akaisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Mhola?"

Kimya. Mashine ilikuwa inavuta sauti polepole. Shangazi akauliza habari za huko, akaeleza za mvua, za mifugo, za mguu wake unaomsumbua.

"Mama, muulize kama amekula," kijana mmoja akasema.

"Ehe, umekula?"

Sauti ikarudi kipande: "...safi kabisa." Vijana wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Baba mkubwa hakuwajali. Alikuwa amevua kofia. "Ana adabu huyu," akaniambia. "Anawaacha wakubwa wamalize. Akisema tu, narudisha ng'ombe." Mdogo wangu wa kike akanishika mkono.

Sauti ikatulia. Mtangazaji, msichana mwenye Kiswahili cha mjini, akamuuliza ametoka familia gani. Mdogo wangu wa kiume akacheka kicheko nisichokijua.

"Familia? Mimi nimejilea mwenyewe. Kule porini sina mtu."

Wakacheka kule, wakacheka na dukani. Wakapiga muziki. Tulisubiri mpaka ukaisha, akaanza kuhojiwa mtu mwingine.

Baba mkubwa akavaa kofia. "Umesikia. Hana mtu. Basi huyu si dada yake, ni mtoto wangu." Akamshika binti mkono, wakatoka.

Aliozwa Lagangabilili kabla hatujavuna. Nilimfuata, nikarudishwa kwa fimbo. Nilipopona nikamfuata tena, nikakuta wamemhamishia kwa ndugu wa mume, na hakuna aliyetaka kuniambia ni wapi.

Kaka yake alipopata habari alinipigia kwa hasira.

"Nani ameruhusu?"

"Baba mkubwa," nikamwambia. "Lakini alikusikiliza wewe kwanza."