Disko Lenye Kufuli kwa Nje

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo naikumbuka kila nikisikia habari za disko la siri, na jana mliniletea habari hizo tena. Mlikuja wewe na wenzako, shikamoo bibi, marahaba, mkanywa uji wangu mkamaliza, ndipo mkaniomba ile stoo yangu ya nyuma. Tena kwa fahari: "Bibi, hakuna mtu atajua." Nilichoka palepale. Kila kizazi cha mtaa huu kinadhani ndicho kilichogundua kujificha! Haya, sikiliza, na uwaambie wenzako.

Nilikuwa msichana, nimetoka Susuni kuja kujifunza cherehani hapa Tarime mjini. Mtaa wetu huu wa nyuma ya soko ulikuwa umechakaa hata wakati ule, mabati yana kutu na mitaro imeziba. Kucheza muziki ilikuwa taabu. Wazazi hawataki, kanisa halitaki, na sungusungu, wale walinzi wa jadi, wakikukuta ni viboko. Vijana wakapata ghala la zamani la mahindi, wakaziba matundu kwa magunia, wakapiga bugi, disko la mchana, ndani giza tupu. Muziki ulikuwa wa Nyamhanga, fundi redio, kijana mpole aliyepangusa kaseti zake kwa shati alilovaa. Jenereta nalo wakaliweka ndani, pembeni, ili mlio wake usifike barabarani.

Mlango ulikuwa mmoja. Marwa, mlinda mlango, akishatuingiza alifunga kufuli kwa nje, akaenda kukaa barabarani, ili anayepita aone ghala limefungwa aende zake. Tulimsifu Marwa kwa akili. Akili gani hiyo, jamani!

Jumapili hiyo Ghati, rafiki yangu niliyepanga naye chumba, aliniambia kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni joto. Mara akakaa chini, kisha akalala. Msichana mwingine naye akaanguka. Mimi mwenyewe miguu ikawa kama si yangu.

"Ni moshi!" Nyamhanga akapiga kelele. "Moshi wa jenereta! Fungueni mlango!" Akajitosa kwenye ile pembe kulizima.

Muziki ukakatika. Tukapiga mlango kwa ngumi na visigino. Watu walipita nje, wakatazama kufuli, wakaona hamna mtu humo, labda panya. Na Marwa? Marwa alikuwa amewaona sungusungu wanakuja, akatimua mbio na ufunguo mfukoni. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi hata kilio chetu tulikifungia ndani.

Aliyetutoa ni yule yule tuliyekuwa tunamkimbia, Mzee Mwita, mkubwa wa sungusungu. Alisikia mlango unagongwa, hakupoteza muda na kufuli. Alishika sururu akabomoa ukuta wa udongo, akatuvuta mmoja mmoja kama ndama waliokwama matopeni. Ghati alitapika, akapona. Nyamhanga alitolewa mwisho. Jenereta alikuwa amelizima, lakini yeye hakuamka.

Mama yake alikuja kutoka Gorong'a. Hakulia kwanza. Alitutazama usoni akauliza, "Nani alimfungia mwanangu?"

Sisi tulingoja fimbo. Mzee Mwita aliitupa chini.

"Mimi pia nilicheza," alisema. "Nilicheza uwanjani mpaka vumbi likapanda, mama yangu akiniona. Ningeanguka, angeniokota. Nyinyi mlitukimbia sisi. Sasa mlitaka awaokote nani?"

Ungedhani tulikoma. Wapi! Msiba haujasahaulika, wenzetu wakahamia chumba cha nyuma ya bucha, mlango mmoja, kufuli kwa nje. Miaka ikapita, watoto wao wakashuka kwenye chumba cha chini ya ardhi cha jengo moja lililoachwa kabla ya kuezekwa, wakatumia ngazi ya miti, na mwenzao akakaa juu kuivuta ngazi akiona mgambo. Kila mara nilikwenda kusema. Kila mara nikaitwa mama mwenye wivu, sasa naitwa bibi mwenye wivu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nami nimechoka kuwa dawa!

Basi stoo sitoi. Sikukatazi kucheza, mwanangu. Mwili wa kijana usipocheza unaota kutu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwambie unataka muziki. Akikataa, rudi kesho umwombe tena. Mimi mwenyewe nitakuja na fimbo yangu nikae ofisini kwake mpaka achoke. Chezeni mchana kweupe, mahali penye milango miwili na madirisha wazi, jenereta likae nje lingurume linavyotaka. Mama yako ajue ulipo. Raha ambayo lazima ifichwe kwa kila mtu, siku ikigeuka kuwa shida itakukuta huna mtu. Na usikubali kamwe, hata kwa rafiki unayempenda, mwenzako akae nje na ufunguo wa uhai wako.

Nimemaliza. Mungu akutunze, akupe afya na riziki. Uoe, uzae, ng'ombe wako wajae zizi, na uzeeke taratibu, mpaka wajukuu wako wakuchoshe kama unavyonichosha mimi.