Siku Saba za Kumfunga Kuku

Harufu ya udongo mbichi uliochanganyika na kinyesi cha kuku hunichafua roho mpaka leo. Ndiyo harufu ya chumba tulimosukumwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipotutoa mashambani kwetu Embu na kuturundika katika kijiji kimoja, nyumba zimepangwa mistari na kuzungushiwa handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, ati tusiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Njia ya kutoka ilikuwa daraja moja la mbao, nasi tuliachiwa saa moja tu kila alasiri, ili wanawake wakachume chakula. Filimbi ikilia, mbao zinavutwa ndani. Waliozivuta walikuwa homugadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki, na mmoja wao alikuwa baba yangu mdogo, ndugu wa tumbo moja na baba. Baba mwenyewe alikuwa kizuizini. Ati baba mdogo alikuwa anatulinda. Loo!

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa imechomwa, na majivu yake tuliyaona ng'ambo ya kibonde kila tukiinua macho. Siku ya kuhama, mama alibeba kuku watatu. Wawili walinzi waliwachukua palepale darajani bila hata kuomba. Wa tatu, kuku wa madoadoa, alipita kwa sababu mama alikuwa amemlaza ndani ya kiondo chini ya majani ya viazi. Kuku huyo alikuwa anataga. Njue, ndugu yangu mdogo, hakuwa ametimiza miaka miwili, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, na lile yai ndilo lililokuwa linamshikilia. Mama alilichemsha na kumlisha kwa ncha ya kidole, nami nikila kwa macho.

Kwetu kuku aliyehamishwa hafunguliwi hivi hivi. Anafungwa mguu kwa kamba ya katani siku saba, analishwa kwa mkono, mpaka nyumba mpya imwingie kichwani. Siku ya nane anafunguliwa jioni, jua likikaribia kuzama, ili asipate muda wa kwenda mbali kabla ya kutafuta pa kulala. Ukimfungua mapema, tena asubuhi, anarudi alikotoka. Mama alimfunga kwenye mguu wa kitanda na kunieleza haya yote, kidole chake karibu kinichome jicho. "Wanja, usiguse kamba hiyo. Umenisikia?" Nikamwambia nimesikia.

Siku ya tano kamba ilikuwa imemla ngozi, kidonda kibichi kinatoa maji. Mama alikuwa ametolewa alfajiri chini ya ulinzi kwenda kuchimba barabara kwa lazima. Nikamwonea kuku huruma. Nilijiambia nitamfungua kidogo tu, nimkalie macho, kisha nimfunge mguu wa pili. Kuku yule hata hakunitazama. Alitoka mlangoni, akapita katikati ya nyumba, na daraja lilipofunguliwa kwa ajili ya gari la maji akavuka. Nilibaki nimeshika kamba, mjinga wa kupigiwa mfano.

Mama aliporudi aliitazama kamba, akanitazama mimi, hakunipiga. Laiti angenipiga! Alichota mahindi ya mwisho kwenye kibuyu, konzi moja, na alasiri akatoka na wenzake. Mimi nilisimama ukingoni mwa handaki. Nilimwona kuku anachakura kwenye majivu ya jiko letu, na mama amechuchumaa, anamwita kwa sauti ile ya mdomo, anamwaga punje mojamoja. Kuku alikuwa mkaidi siku hiyo. Alipokubali kushikwa, filimbi ikalia. Mama alikimbia amemkumbatia, lakini alipofika mbao zilikuwa zimeshavutwa, na aliyezishika alikuwa baba mdogo.

"Shemeji, ni mimi," mama alisema akihema. "Nilimfuata kuku tu."

"Filimbi imelia, mama Wanja."

Walinzi wawili wakarudisha mbao, wakavuka, wakamfungua kiganja. Ndani zilibaki punje kama kumi. "Mahindi haya unampelekea nani msituni?" wakamuuliza. Alisema ni ya kuku. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mdogo angeweza kusema neno moja, maana sote tulifuga kuku katika ua mmoja kabla ya moto ule, na kamba ya katani aliijua kama mimi. Alitazama pembeni. Mama akapelekwa kambini akiitwa mlishaji wa watu wa msitu, na kuku akaliwa na walinzi. Njue hakumaliza miezi miwili baada ya hapo. Nilimlisha uji wa maji matupu, akawa hata kulia halii, na wanawake wa mstari wetu wakamzika nje ya handaki katika ile saa moja ya chakula.

Mama alirudi baada ya mwaka na zaidi, meno ya mbele hana. Aliniuliza swali moja tu, nilimfungua siku ya ngapi. Nikasema ya tano. Akaitikia kwa kichwa, na hatukulitaja tena mpaka alipokufa.

Sasa naishi mtaa wa Majimbo, mjini Embu, na nafuga kuku sita nyuma ya nyumba. Juzi mkwe wangu alinisomea kutoka kwenye simu yake namna ya kumzoesha kuku mgeni: afungiwe kwanza, kisha atolewe jioni, kwa punje chache mkononi. Aliona amenifundisha jambo. Nilimwambia siku ikifika afungue yeye, mimi mikono yangu haifungui. Hakuuliza kwa nini, vijana hawaulizi. Baba mdogo alikufa kitandani kwake, mzee wa kanisa. Mashamba yalipopimwa, baba akiwa bado kizuizini na mama kambini, sehemu yetu iliandikwa kwa jina la baba mdogo. Hupita huko nikienda mazishi. Kuku wa wajukuu wake wanachakura mchana kutwa palepale jiko letu lilipokuwa, na hakuna anayewapigia filimbi.