Pilau ya Mlimani

Ndugu zangu wa rika langu, mtanisamehe kwa mwandiko huu uliolala na maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu inakwenda polepole.

Utotoni tulikulia uani, Kariakoo, nyumba ya vyumba sita na familia sita. Mwenye nyumba alikuwa Bi Zuwena, tukimwita Bibi sote. Ukichapwa na mama wa chumba cha pili, wako anaongezea: "Mtoto wa mwenzio ni wako." Rede ya mpira wa soksi tulicheza mpaka kamasi zikakauka na vumbi. Watoto wa siku hizi wanatokwa jasho vidole tu, kwenye simu.

Jumapili moja Bibi akatuambia, "Jiandaeni, nawapeleka mlima wa Pugu mkapate hewa." Hatukuwa tumewahi kupelekwa popote. Mama yangu alinivalisha nguo ya sikukuu bila hata kuombwa.

Basi lilitushusha chini, tukapanda mlima kwa kelele, yeboyebo zetu za plastiki zikiteleza kwenye udongo mwekundu. Bibi alikunja baibui, akawa anapumzika kila kwenye kivuli. Mudi, mjukuu wake, alibeba sinia kichwani kama kofia. Juu kabisa Bibi akafungua kanga, ndani yake sufuria ya pilau, bado ya moto.

"Bibi, leo nani kaolewa?" Mudi akauliza. "Mbona pilau na hakuna ngoma?"

"Wewe kula," akamjibu Neema, binti wa fundi viatu wa chumba cha mwisho. "Utakuja kudaiwa mchango."

Tukacheka. Bibi hakucheka. Alitumegea nyama mmoja mmoja, akatuonyesha mji kwa mbali. Mudi akadai analiona paa letu.

"Muongo! Lile wingu," tukamzomea.

"Liangalieni tu," Bibi akasema, akajifuta uso kwa mtandio. Tukadhani jasho.

Tuliporudi jioni, kirikuu, kile kigari cha mizigo, ilikuwa imeegeshwa mbele ya baraza. Kitanda chetu kilikuwa juu, miguu ikitazama mbinguni. Kaka zake Bibi walikuwa wameuza nyumba ya urithi, na wazazi walijua tangu zamani. Walitutoa ili wafungashe kwa amani.

"Panda," mama akaniambia. Nikapanda. Neema alikuwa bado hajaelewa, akanipigia kelele, "Kesho zamu yako kudaka!" Mudi alisimama mlangoni na sinia lake.

Sisi tukahamia Chanika. Wengine sijui. Miaka baadaye nilimwuliza mama kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Mngelia. Nani alikuwa na nafasi ya kuwabembeleza?"

Sasa nabeba mitumba soko la Mchikichini, na nikipita pale ilipokuwa nyumba yetu naona ghorofa limejaa maduka ya makava ya simu. Vijana wanapanda kwa lifti kupiga picha juu, wanasema wameona Bongo nzima. Sisi tulipanda kwa miguu, tukaona kwetu kwa mara ya mwisho, na hakuna aliyetwambia. Mpaka leo pilau isiyo na sababu hainipiti kooni.

Mudi, Neema, au yeyote aliyekula siku ile, niandikieni kupitia gazeti hili. Hata mistari miwili. Nataka kujua kama kuna mmoja wetu aliyeagwa, au sote tulishibishwa tu, tukapakiwa.