Fundi Aliyehamishwa Timu

Ilikuwa wakati wa zile fujo za kikabila za baada ya uchaguzi. Nilikuwa kwenye saiba moja ya Gatina, Kawangware, nikingoja kompyuta. Kando yangu fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa akimfundisha dada mmoja mchezo wa timu mbili zinazopigana.

"Usikimbie mbele peke yako," alimwambia. "Kaa karibu na mwenzako, umlinde nyuma. Akipigwa, usimwache."

Siku zote timu ziligawanywa kwa viti, wa dirishani dhidi ya wa ukutani. Siku hiyo jamaa mmoja akamwambia fundi, "Leo enda ule upande wa watu wako."

"Watu wangu ni akina nani?"

Fundi akamgeukia rafiki yake, ambaye walizoea kuketi pamoja. Rafiki akaendelea kutazama skrini. Fundi akahamia upande wa pili.

Mchezo ulipoanza, dada alikutana na fundi kwenye kona, akasita.

"Mpige," wenzake wakasema.

"Si ndiye amenifunza?"

Fundi naye hakumpiga. Wenzake yule dada wakammaliza mchezoni. Fundi akainuka, akamwambia dada, "Umecheza poa," akatoka.

Nilirudi pale baada ya wakubwa wetu wa siasa kupeana mikono mbele ya kamera na kupanda magari yao. Timu zilikuwa zinagawanywa kwa viti tena. Nikamuuliza yule rafiki fundi yuko wapi.

"Walihama na familia. Hata sijui wapi." Akatazama kiti cha kando yake. "Siku ile ilikuwa tu niseme, huyu ni wetu."